Kinyume cha Mkemia

Mkemia hakuwa amesahau. Fomula yake ya kwanza aliipeleka kwa Macho Kodo, mwenye kompyuta pekee ya kwanta mjini, ile inayomaliza kwa dakika hesabu ambazo kompyuta nyingine zingezeeka nazo. Kabla hajapewa majibu, dawa yake ikawa madukani kwa jina la Macho Kodo. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Sasa alikuwa na fomula ya pili, ya pumu iliyokuwa ikimkaba mama yake kila kukicha, na pa kuipeleka palikuwa pale pale kwa mwizi.

"Safari hii tunampelekea kwa kinyume, dada," alisema mdogo wake, mwanafizikia, akifunga mlango wa maabara yao, chumba kimoja chenye feni inayolalama.

Mkemia akacheka. Utotoni walisema kinyume, silabi ya mwisho mbele, wapate kumteta mama mezani. Maji yakawa jima. "Si mama alitung'amua?"

"Kwa sababu kanuni ilikuwa moja. Hapa fomula inasafiri ndani ya chembe za mwanga, na kila chembe naigeuza kivyake, kwa kubahatisha. Mashine itapiga hesabu bila kujua inahesabu nini. Na humo humo nimechomeka maswali ya mtego, ambayo majibu yake tunayo. Akichungulia tu, chembe zinavurugika, mitego inafyatuka."

Wakatuma chembe kwa waya wa faiba. Majibu yaliporudi, mitego ilikuwa imefyatuka. Mkemia akapiga simu.

"Bosi, umechungulia."

"Mimi? Haki ya Mungu..."

"Umechungulia, na umeambulia patupu. Rudia kazi, mikono uitie mfukoni."

Jamaa akanywea. Jamani, raha iliyoje kumsikia mwizi aliyenaswa! Akarudia, na safari hii hakuna mtego uliofyatuka. Mdogo mtu akayafungua majibu kwa funguo alizokuwa nazo yeye peke yake: dawa inashika pale pale inapotakiwa kushika. Wakakumbatiana, wakarukaruka mpaka kiti kikaanguka. Mama atapumua.

Simu ikalia.

"Nimesalimu amri," alisema Macho Kodo, sauti chini. "Niambie tu, mashine yangu imehesabu nini?"

Mkemia akamkonyeza mdogo wake.

"Wada," akajibu, akakata simu.