Magazini Zilizokanyagwa na Ngamia

Sajini Zilpah alikuwa fundi wa silaha katika kambi ya polisi karibu na Hadado, na kama kuna kitu kilichomnyima raha, ni magazini za bati. Kile kikasha cha risasi kinachopachikwa chini ya bunduki kikigongwa ubavuni hubonyea, risasi zikakwama ndani, na bunduki ikawa sawa na fimbo. Ndivyo ilivyompata Halake, mfugaji na askari wa akiba. Alfajiri moja fisi aliingia zizini mwake. Halake alifyatua mara moja, bunduki ikanyamaza, na ndama wa ngamia akachukuliwa. Hakumlaumu mtu. Aliileta bunduki kambini, akailaza mezani na kusema, "Sajini, hii imekataa." Maneno hayo yalimkaa Zilpah kifuani muda mrefu.

Basi iliposikika kwamba inatafutwa kambi ya kujaribia magazini za plastiki ngumu, Zilpah aliiomba kazi hiyo kabla wengine hawajaifikiria.

Mbunifu wa magazini hizo, Koome, alikuja na toleo la kwanza, nalo likapasuka mdomoni lilipoanguka kutoka kwenye lori. Akarudi Nairobi kulitengeneza upya. Toleo la pili halikupasuka, ila vumbi la Wajir liliingia ndani likaikwamisha springi inayosukuma risasi. Akarudi tena. Askari wakaanza kumtania kwamba anatafuta mke Hadado.

Safari ya tatu alishusha sanduku lake akiwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi. "Hizi nimezinenepesha mdomo," alimwambia Zilpah, "na ndani nimechimba mifereji ili vumbi lipate pa kukaa."

Walizijaza risasi, wakazitandaza mchangani nje ya ua zipikwe na jua, kisha wakaingia kivulini kunywa chai. Hapo ndipo ngamia wa Halake walipotokea wakitoka kisimani. Mmoja alishtushwa na turubai lililopigwa na upepo, akachomoka mbio, na wenzake wakamfuata. Zilpah alitoka akipunga mikono, lakini nani azuie ngamia walioamua? Walipita juu ya magazini zote, wakaenda kusimama mbele kidogo kana kwamba hakuna lililotokea.

Halake alifika akihema. "Nisamehe, sajini. Nimeharibu kazi ya serikali."

"Hujaharibu kitu bado, mzee," Zilpah alisema. "Njoo tuzifukue."

Walipiga magoti wote watatu. Magazini ya kwanza ilitoka nzima. Zilpah aliikung'uta, akabonyeza risasi ya juu kwa kidole gumba. Ilishuka na kupanda kama kawaida. Ya pili, nzima. Nyingine na nyingine, zote zikiwa na mikwaruzo tu. Kisha Halake akainua moja ambayo kifuniko chake cha chini kilikuwa kimeteleza. Springi ilichomoka na risasi zikamwagika miguuni pake.

Zilpah alimtazama Koome akitarajia kumwona amenywea. Badala yake mbunifu huyo alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepata funguo zake.

"Unacheka nini?" Zilpah aliuliza.

"Kule kiwandani tuliiangusha, tukaigandamiza kwa mashine, kifuniko hakikutoka. Ngamia hagandamizi tu, anasukuma kwa pembeni. Sasa najua palipo dhaifu." Akamgeukia Halake. "Mzee, ngamia wako wamenisaidia."

Halake alifikiri kidogo. "Basi utawabakishia chai," alisema, na Zilpah akacheka mpaka akakaa chini mchangani.

Jioni hiyo walizipeleka zilizobaki kwenye uwanja wa shabaha. Halake alipewa nafasi ya kwanza. Alipachika magazini, akalenga, akafyatua mpaka risasi ya mwisho bila kukwama hata mara moja. Aliposhusha bunduki aliichomoa magazini, akaigeuzageuza, akaipuliza vumbi.

"Ni nyepesi," alisema hatimaye. "Lakini mkono ukiwa na mafuta ya maziwa, itateleza."

Koome alimwomba aonyeshe vidole vyake vinashika wapi hasa, akachora alama hapo kwa chaki.

Mvua zilipokwisha, toleo la nne lilifika. Kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa pini, na ubavu ulikuwa na matuta madogo, palepale vidole vya Halake vilipogusa. Zilpah alizigawa magazini hizo kwa askari wa akiba mmoja mmoja, akiwafundisha namna ya kuzifungua na kuzisafisha. Yalibaki mambo madogo. Rangi nyeusi ilikuwa inachoma mkono mchana, na Koome alikwisha kuahidi kujaribu rangi ya mchanga. Zilpah hakuwa na haraka. Alifunga ghala, akatoka kwenda kumsalimia mke wa Halake, aliyekuwa amemwita akanywe maziwa.