Fremu ya Kaka

Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda cha karakana yangu, macho kayafumba, pamba kajaza masikioni, mkono wa kushoto umeshika ncha ya bomba. Ungemwona ungedhani anang'olewa jino.

Hivyo ndivyo marehemu baba alivyonifundisha kumchagulia mtu fremu ya baiskeli. Unalibana bomba kwenye jiliwa, mteja anashika ncha moja, wewe unagonga nyingine kwa nyundo ndogo. Alumini hutetema kwa fujo, chuma hutetema taratibu. Kaboni huumeza mtetemo karibu wote, lakini siku ikipasuka haikupi taarifa. Macho yanafumbwa kwa sababu rangi inadanganya. Masikio yanazibwa kwa sababu alumini ina mlio mtamu, na wako watu walioumia viganja kwa kuupenda mlio.

"Nataka kaboni," alikuwa amesema alipoingia. "Mwezi ujao narudi mashindanoni."

Mtaa mzima ulimwita Upepo. Mwaka mmoja nyuma alianguka kwenye mteremko, akavunjika mkono wa kushoto, na tangu hapo nilikuwa nikiuangalia mkono huo kila tulipokutana.

"Umepona kweli?"

"Umepona kuliko wako."

"Basi kaa tuujaribu."

"Na mimi ni mteja?"

"Tena msumbufu."

Nilianza na alumini, ile yenye fujo. Kwa jirani mashine ya kukatia vyuma ilikuwa ikipiga kelele. Nikagonga. Kaka akatulia tu. Nikagonga tena, kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Akatabasamu, macho bado kayafumba.

"Anza basi, mdogo wangu. Mbona unanichelewesha?"

Mkono ule ndio angeutegemea kushika breki, akishuka milima kwa kasi ya kichaa, nao haukuwa na habari. Tangu utotoni alinizidi kila kitu, nami nilimwonea wivu bila aibu. Siku ile nilitamani sana anizidi tena. Nikaitundika nyundo kwenye msumari wake, nikangoja.

Alipofumbua macho aliiona ukutani. Akanitazama, kisha akachomoa pamba, sikio moja, halafu la pili. Hakuuliza nimegonga mara ngapi.

"Usimwambie mama," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Nilidhani ataondoka. Badala yake akainuka, akalitoa lile bomba, akabana la chuma, akalishika kwa mkono wa kulia.

"Gonga."

Nikagonga. Akabaki amelishika hadi mtetemo ukaisha kabisa.

"Hili halina haraka," akasema. "Nitengenezee fremu ya namna hii."

Akajifuta mikono kwa kitambaa changu, kama alivyozoea, akaenda. Mlangoni akasimama bila kugeuka.

"Na breki," akasema, "zote mbili weka kulia."