Kikohozi cha Rattler

Kwanza kilisikika kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha mwanamume, kikavu, mara tatu, na baada ya cha tatu pakawa na kimya kifupi kama cha mtu anayemeza mate. Halafu injini ikanguruma, vikombe vikatikisika kabatini, na mbwa wa Orville Pruitt, jirani wa nyumba ya pili, akabweka mara moja tu, kutimiza wajibu. Ndipo mlango wa gereji ulipopanda, na Rattler nyekundu ya mwaka 1970 ikatoka kinyumenyume. Verlene Oakes alikuwa kwenye usukani. Kofia yake ya kanisani ilikuwa kwenye kiti cha pili, imefungwa mkanda ili isianguke.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Aprili. Mvua tatu zilikuwa zimekwisha osha barabarani chumvi ya kuyeyushia barafu, na katika mji wa Tarrant, Michigan, hakuna mtu mwenye akili timamu anayetoa gari la zamani kabla ya mvua ya tatu. Chumvi hula chuma.

Kikohozi kilikuwa cha Cleotis, mume wa Verlene, aliyefariki miaka kumi na tisa iliyopita. Alikuwa mpiga rangi katika kiwanda kilichotengeneza gari hilo hilo. Alipiga rangi kwa miaka ishirini na miwili, akakohoa kwa miaka kumi na mitano, akafa mwezi wa Februari. Aprili iliyofuata, Verlene alipowasha gari, alimkuta humo anakohoa. Akamwambia, "Umeamkaje, Clee," akaenda kanisani, kwa sababu alikuwa amechelewa. Tangu siku hiyo ilikuwa vivyo hivyo kila Jumapili, Aprili mpaka Oktoba.

Kikohozi kikizidi, Verlene aliweka pakiti ndogo ya maziwa, kama zile wanazopewa watoto shuleni, sakafuni upande wa abiria. Baada ya muda kilitulia. Wazo la maziwa lilitoka kiwandani. Katika chumba cha rangi kila mtu alipewa pakiti mbili kwa zamu, bure, kwa sababu iliaminika kwamba maziwa huosha mapafu. Waliamini wapiga rangi, waliamini wasimamizi, na muuguzi wa kiwanda ndiye aliyezigawa. Wake nao waliamini. Kila jioni, kwa miaka ishirini na miwili, Verlene alimpokea mumewe mlangoni akiwa na rangi puani, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulikunywa zote mbili?"

Cleotis alipougua, Verlene aliiandikia kampuni akiomba waseme ilikuwa ni rangi. Hakuomba kingine. Barua ya majibu ilikuwa na mistari minne. Ilisema ugonjwa huo ni wa kawaida na hauhusiani na utengenezaji. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia, katika kitabu cha Ayubu, ambako haikumsumbua mtu.

Kiwanda kilibomolewa. Mahali pake sasa pana uwanja wa nyasi na uzio.

Miaka kumi na tisa baada ya Cleotis kufa, kampuni ilitangaza kwamba Rattler inarudi. Ilikuwa gari jipya la umeme lenye milango minne, linaundwa mbali na Tarrant, na lilikwenda kimya kabisa. Kimya hicho kiliwatia wasiwasi wakubwa wa kampuni, kwa kuwa Rattler ni nyoka mwenye njuga mkiani, na jina kama hilo haliwezi kwenda bila sauti. Basi wakatafuta gari la zamani ambalo injini yake haijawahi kufunguliwa, ili wanase mngurumo wake na kuutia kwenye spika za magari mapya. Walipata moja tu.

Kijana aliyetumwa aliitwa Whitcomb Dahl. Alifika Jumanne asubuhi na masanduku manne ya nyaya na vinasa sauti vilivyovishwa manyoya. Orville Pruitt alivuka uani na chupa ya soda mkononi, akaegemea ukuta wa gereji. Orville naye alikuwa amefanya kazi kiwandani, upande wa viti, na alijiona ana haki ya kusimamia.

"Hiyo mpya yenu nimeiona kwenye televisheni," Orville alisema. "Milango minne."

"Ndiyo, mzee."

"Rattler haina milango minne, kijana. Hiyo ni friji yenye matairi. Tena ina mahali pa kufungia kiti cha mtoto mchanga."

"Ina nguvu mara mbili ya hii."

"Mke wangu wa kwanza alikuwa na nguvu mara mbili yangu, wala hakuitwa Rattler."

"Orville, mwache kijana wa watu afanye kazi," Verlene alisema, akawasha gari.

Cleotis akakohoa mara tatu. Injini ikafuata. Dahl aliitazama sindano ya mashine yake ikipanda na kushuka, akavua spika za masikioni.

"Huyo ni nani, mama?"

"Mume wangu."

Dahl aliandika "mume" kwenye fomu yake. "Huwa anakohoa mara tatu?"

"Tatu. Kukiwa na baridi sana, tano. Akizidisha, nampa maziwa."

Dahl akaandika na hayo. "Naweza kumtoa," alisema. "Kwenye kompyuta. Ni kazi ya dakika kumi, tunabaki na injini peke yake."

Verlene alikaa na mikono juu ya usukani. Orville akamaliza soda yake.

"Usimtoe," alisema. "Mchukue alivyo. Lakini kuna kile kitabu cha maelekezo kinachokaa kwenye kidroo cha gari jipya. Nataka maneno yangu yaandikwe humo."

"Maneno gani?"

"Andika. *Huyu ni Cleotis Oakes. Alipiga rangi miaka ishirini na miwili. Ilikuwa ni rangi.*"

Dahl aliandika yote, akamsomea. Hakukosea hata jina.

"Nitayapeleka juu," alisema.

"Juu wapi?"

"Juu." Akaonyesha kwa kalamu. Orville akatazama juu. Palikuwa na dari ya gereji na ngazi iliyotundikwa kwa misumari miwili.

Verlene akatia sahihi. Dahl alirekodi saa nzima: gari likiwaka, likipumzika, likipanda mlima wa mtaa wa Nane na kushuka. Alipozima mashine zake, gari likanyamaza. Injini ilikuwa bado inazunguka, moshi ulitoka nyuma, mkono ukiwekwa juu ya boneti ulihisi mtetemo, lakini hapakuwa na sauti. Verlene akazima, akawasha tena. Kimya. Hakukohoa mtu.

"Pole, mama," Dahl alisema akikunja nyaya. "Hutokea mara mojamoja. Sauti nzuri sana hutoka yote."

"Itarudi?"

"Sijawahi kuona ikirudi."

Aliwashukuru wote wawili, akapakia masanduku yake manne, akaondoka.

Verlene aliendelea kwenda kanisani na gari lile. Lilikwenda vizuri kama kawaida, isipokuwa watu hawakulisikia, na mara mbili alilazimika kupiga honi kwa sababu ya baiskeli. Kila Jumapili alisema, "Umeamkaje, Clee," akasubiri kwa kadiri ya kikohozi kimoja, akarudi nyuma barabarani. Mbwa wa Orville aliacha kubweka.

Septemba Rattler mpya zikaingia Tarrant. Ya kwanza ilinunuliwa na mwalimu wa sekondari, ya pili na daktari wa meno. Sauti ilitoka kwenye spika iliyofichwa chini ya bampa la mbele, na kila gari lilipowashwa lilikohoa kwanza mara tatu, kwa sauti ya Cleotis Oakes, ndipo likanguruma. Wenye magari walizoea ndani ya wiki moja. Wauzaji waliwaambia kwamba ni sehemu ya urithi wa jina. Asubuhi, watu wakienda kazini, Cleotis alisikika akikohoa kutoka mtaa wa Nne mpaka mtoni. Wanawake wawili waliokuwa wajane wa chumba cha rangi walitoka barazani kusikiliza, wakarudi ndani. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba wa kwake alikuwa akikohoa kwa chini zaidi.

Verlene alitumiwa kofia yenye jina la gari na nakala ya kitabu. Alivaa miwani, akaketi kwenye meza ya jikoni, akakisoma chote, pamoja na sura ya kubadili tairi. Alipofika ukurasa wa themanini na nane akamwita Orville kwa simu. Orville alikuja na viatu vya ndani.

"Nisomee hapa," Verlene alisema.

Orville alisoma kwa kidole. "*Sauti ya kuwasha. Gari lako linaweza kukohoa mara tatu hadi tano. Hali hii ni ya kawaida na haihusiani na utengenezaji. Ikizidi, weka pakiti ndogo ya maziwa kwenye tundu la kikombe.*"

"Endelea."

"Imeishia hapo. Inayofuata ni mambo ya vipangusio vya kioo."

Verlene aliifungua Biblia kwenye Ayubu, akaitoa ile barua, akaiweka kando ya ukurasa. Orville alisoma barua, akasoma kitabu, akarudia barua.

"Hawakujisumbua hata kubadilisha maneno," alisema.

"Maziwa niliwaambia mimi."

"Verlene."

"Niliwaambia mimi, Orville. Kila jioni nilimuuliza kama amekunywa."

Orville akaosha vikombe viwili vilivyokuwa kwenye sinki.

Kesho yake Verlene alimpigia simu Dahl. Dahl alimkumbuka. Alisema maneno yake aliyapeleka juu yote, na yaliporudi yalikuwa hayo ya ukurasa wa themanini na nane. Hakujua yalibadilikia ghorofa gani. Alimuuliza kama sauti ya gari imerudi. Verlene akamwambia haijarudi.

Kufikia Oktoba, kila Rattler mjini ilikuwa na pakiti ya maziwa mbele, katika tundu la kikombe. Maziwa ya pakiti ndogo yakaadimika madukani. Kampuni ikaanza kuyagawa kupitia wauzaji wake, pakiti mbili kwa kila gari kwa siku, bure.

Mvua ya mwisho ilipita, chumvi ikamwagwa barabarani, na Verlene akaifunika Rattler nyekundu turubai. Alhamisi ya kwanza ya theluji alikwenda duka la dawa kwa miguu. Kwenye taa za mtaa wa Nane ilisimama Rattler nyeupe, mpya, na mwanamke kijana ndani yake aliyevaa sare ya kliniki ya meno. Ilikuwa imezimika, akaiwasha tena. Ikakohoa mara tano. Baridi ilikuwa kali.

Verlene aligonga kioo. Kioo kikashuka.

"Samahani, binti. Hiyo ni rangi."

"Rangi gani, bibi? Nimegongwa?"

"Hapana. Hicho kikohozi. Ni rangi ya kiwandani. Aliivuta miaka ishirini na miwili."

Mwanamke alitazama dashibodi, akatazama pakiti ya maziwa. "Kitabu kinasema ni kawaida."

"Najua kinavyosema."

"Na maziwa nampa. Kila asubuhi nampa pakiti mbili."

"Hata mimi nilimpa," Verlene alisema. "Hayasaidii. Yanamnyamazisha tu."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeelekezwa njia ya mji asiokwenda. Alisema asante, bibi, angalia usiteleze. Taa zikageuka kijani. Gari la nyuma, nalo Rattler, likawashwa, likakohoa na kupiga honi.

Verlene hakupisha mara moja. Alizunguka mbele ya gari jeupe, akashika boneti kwa mkono mmoja, akainama mpaka kofia yake ikakaribia bampa, pale kwenye tundu dogo la spika. Theluji ilikuwa imeanza kuliziba. Akaifuta kwa kidole cha glavu.

"Clee," alisema kwa sauti, wenye magari yote mawili wakisikia. "Kesho nitasimama hapa hapa. Na kesho kutwa. Kila kioo nitakigonga, na kila mmoja nitamwambia ilikuwa ni rangi."