Waliokubali Kazi Wasionekane

Jumanne, tarehe tisa Juni. Manyunyu yalikuwa yakidondoka tangu alfajiri, na Mama Pasi alisimama mlangoni pa kiwanda cha kufulia, macho njiani. Saa ya kuanza kazi ikapita. Mfanyakazi mpya, binti aliyemwajiri jana, hakutokea.

"Na huyu kayeyuka?" aliuliza dereva wa gari la mashuka.

"Usinianze, kaka."

"Sikuanzi. Nauliza tu unawapa nini. Wanakuja wanacheka, kesho yake simu imezimwa."

Mama Pasi alirudia yote moyoni. Mshahara waliukubali. Saa za kazi walizikubali. Aliwapa chai, akawatembeza kote kwa upole, na walipoondoka akawaombea kimoyomoyo. Huyu alikuwa wa tatu. Bosi alishasema bila kupepesa macho: meza mpya ya pasi isipopata mtu kufikia kesho, kazi ya kufua mashuka ya hospitali inaondoka, na usimamizi wa Mama Pasi unaondoka nayo. Na usimamizi huo aliupata mwaka huu tu, baada ya kupiga pasi mpaka akapachikwa jina.

Aliingia stoo, akafunga mlango. "Ee Mungu, kama kosa ni langu nionyeshe, maana mimi silioni."

Akangoja. Mbele yake palikuwa na magunia ya sabuni tu. Akachukua mwavuli, akaenda nyumbani kwa yule binti.

Shangazi wa binti alikuwa barazani akichambua mboga na majirani wawili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kumbe ndiwe." Alimtazama juu mpaka chini, kisha akaita, "We binti! Toka huko, mtu wako kaja."

Binti alichungulia nyuma ya pazia.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Naogopa."

"Unaogopa pasi?"

"Naogopa wale watu."

"Watu gani?"

"Ulionionyesha kupitia kioo cha chumba cha pasi. Wamelala juu ya meza, wamefunikwa mashuka meupe gubigubi, miguu imenyooka. Halafu ukaweka kidole mdomoni, ukaninong'oneza, 'Usijali, utazoea.' Nizoee nini?"

Jirani mmoja aliangusha kisu. Mama Pasi alisimama, mwavuli ukimchuruzikia miguuni. Meza? Mashuka? Kisha, polepole, akakiona kile chumba kwa macho ya mgeni. Wapiga pasi wake hupumzika mchana juu ya meza, maana sakafu ina maji, na hujifunika mashuka chakavu mpaka usoni kwa sababu ya nzi. Yeye mwenyewe alilala hivyo miaka yote. Na kila mwajiriwa alimleta saa hiyohiyo, mashine zikiwa zimezimwa, ili wasikilizane.

"Wanalala tu!" alisema. "Wengine wanakoroma kabisa!"

"Mimi sikusikia mkoromo."

"Kioo ni kizito, mwanangu."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi hakucheka. "Wanalala, au kazi imewalaza? Huyu nimemlea mwenyewe. Simpeleki mahali watu wanazimia mchana kweupe."

Mama Pasi alijaribu kucheka, ikashindikana. Bado hakuelewa ilikuwaje watu watatu wakaona jambo lilelile, na hakuna aliyefungua kinywa kuuliza. Wala yeye hakuwauliza.

"Basi sema unachotaka," alimwambia binti.

"Niwaone wameamka. Niongee nao kabla sijashika pasi."

Mama Pasi alifunga mwavuli. "Mungu ananisikia, na shangazi yako na majirani hawa wananisikia. Kesho utawakuta wamesimama, na kila mmoja atakusalimu."

Shangazi alimgeukia binti. "Na wewe? Usinyamaze. Sema tusikie wote."

Binti alitoka nyuma ya pazia, akasimama katikati ya baraza.

"Naahidi mbele yenu, kesho kabla ya saa ya kazi nitakuwa mlangoni," alisema kwa sauti. "Ila mchana, mimi nitalala nimekaa."