Hewa ya Upande wa Kaka

Mume wangu na kaka yake hawapikiki chungu kimoja. Walipogawana nyumba ya baba yao walijenga ukuta katikati ya sebule, wakaufanya mnene, kisha wakaacha kusalimiana. Uwanja wa nyuma, wenye udongo mzuri, uliangukia upande wa kaka. Sisi tukapata stoo isiyo na dirisha. Mume wangu akaapa kwamba atavuna pilipili hoho humo humo stoo, na hatamwomba mtu hata koleo moja la udongo.

Akanunua hema la kuoteshea mimea ndani ya nyumba: jeusi kwa nje, linang'aa kwa ndani, zipu mbele, taa kubwa juu. Tangu hapo nyumbani kwetu hayakuwepo mazungumzo mengine. Taa ikiwa karibu, majani yanaungua. Ikiwa mbali, miche inarefuka na kulegea. Na joto la taa lilikuwa halina pa kwenda. Kipimajoto kilipanda, majani yakajikunja, na mimi nikiingia kuchukua ndoo natoka nimelowa jasho.

Dawa yake ni feni ya kulitoa joto nje kwa bomba. Ila stoo ile haina ukuta unaotazama nje. Nilimwambia mume wangu bomba linaweza kupita darini. Akasema darini ni mbali. Akachukua nyundo na tindo, akautoboa ukuta unaotutenganisha na kaka yake, akapitisha bomba joto lote liende kwake, na sijawahi kumwona akifanya kazi kwa furaha vile tangu anioe.

Kisha akakaa kusubiri ugomvi. Hata ndevu alinyoa. Ugomvi haukuja.

Mimi nilijua kwa nini. Wanaume walinuniana, lakini sisi wake zao hatukuwa na muda huo. Mke wa shemeji, ambaye namwita dada, tulikuwa tukikutana kwenye kamba ya nguo. Aliniambia shemeji anaumwa, anasikia baridi jioni hata akijifunika mablanketi, na daktari hakumficha kitu. Kitanda chake wamekisogeza kwenye lile tundu. Akaniapisha nisiseme, maana shemeji hataki kuonewa huruma na mdogo wake. Nikaapa, na kiapo kikaninyima usingizi. Nilichotaka mimi ni kimoja tu, waongee kabla mmoja wao hajazikwa.

Sasa, feni ikivuta vizuri, kuta za hema hubonyea ndani kidogo, kama mashavu ya mtu anayenyonya mrija. Siku moja mchana tukakuta zimelegea na joto limepanda. Shemeji alikuwa ameziba tundu.

"Ameanza," mume wangu akasema, ameridhika kabisa.

Lakini jioni kuta zikabonyea tena. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, mchana tundu limezibwa, jioni limezibuliwa. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alikasirika kuliko kama angetukanwa. Kaka yake alikuwa anaota moto wake bila hata kusema asante. Tangu hapo jua likizama anazima taa na feni, hoho zishibe mwanga zisishibe, shauri yao.

Nilivumilia kidogo, kisha nikashindwa. Nilikuwa nakunja nguo, na sikuinua hata uso.

"Kaka yako anaumwa," nikamwambia. "Analala pale kwenye tundu. Hicho unachozima ni blanketi lake."

Aliuliza kama kuna chai. Nikampa, akainywa amesimama, akaingia stoo, nikamsikia anahangaika na saa inayowasha na kuzima taa yenyewe. Aligeuza mchana kuwa usiku: taa iwake jua likizama, izime asubuhi. Akaja kunieleza, bila mimi kuuliza, kwamba mmea haujali saa ngapi, unataka mwanga wake na giza lake tu, na usiku hema halichemki sana. Yote yalikuwa kweli, na hoho zilinawiri. Mimi nikajitia hamnazo.

Jioni moja tulikuwa wote stoo, yeye anafunga vishina kwa uzi, mimi nimemshikia mkasi. Kikohozi kikatoka kwenye bomba, na nyuma yake sauti ya shemeji, kama aliyeweka mdomo kwenye bomba, nyembamba kuliko nilivyoizoea.

"Upepo unanipiga usoni," alisema. "Njoo ulipindishe hili bomba lako."

Mume wangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Kisha akachukua bisibisi, akavaa viatu, akatoka kwa mlango wetu akaingia kwa mlango wao, ambao hakuwahi kuukanyaga tangu ukuta ujengwe. Nikabaki na hoho, feni inavuma, sisikii kitu. Niliogopa sana.

Aliporudi chakula kilikuwa kimeshapoa na macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kama bomba limekubali kupinda.

"Bomba?" akasema, akaitazama bisibisi mkononi mwake. "Nimesahau hata kuligusa."