Mwanafunzi wa Mama Vuta

Filimbi alipoingia kliniki ya kifua akijishikiza ukutani, Mama Vuta alimtambua kabla hajafika kwenye benchi. Mtu aliyekutesa huwezi kumsahau. Alikuwa amekonda, shingo imezama mabegani, na kila baada ya hatua chache alisimama akijifanya anasoma mabango ya ukutani, kumbe anatafuta pumzi. Lakini alikuwa yeye hasa, nyapara wa kinu cha pamba, na bado alikaa kiti cha mbele bila kuuliza kama kina mwenyewe. Mama Vuta akasema moyoni: karibu, baba, nimekusubiri sana.

Filimbi hakumtambua hata kidogo. Alimsalimu vizuri, akamwita mama, akauliza kama daktari huchelewa. Miaka yote ile mwanamke huyu alifagia sakafu ya kinu chake na kumpisha kila alipopita, leo anamwona mgeni! Ndivyo walivyo manyapara, hawatazami nyuso, wanatazama mikono kama inakwenda. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, na Mama Vuta alikuwa na kumbukumbu nzuri kupita kiasi.

Kule kinuni vumbi la pamba lilielea hewani mchana kutwa. Wafanyakazi walijifunga vitambaa puani, Filimbi akavipiga marufuku. Alisema wanunuzi wakija wakikuta watu wamejifunika nyuso watadhani kiwanda kinafuga wagonjwa. Mume wa Mama Vuta, mfunga marobota, alikaidi. Filimbi akamvua kitambaa kwa mkono wake mbele ya watu, akamsogezea sikioni ile filimbi iliyompa jina, akaipuliza mpaka mwanamume mzima akachuchumaa ameziba masikio. Watu wakacheka, maana asiyecheka alionekana. Mfunga marobota hakujifunga tena. Kifua kilimwanza taratibu, kikamla, kikammaliza, na mkewe akabaki na kifua chake mwenyewe na donge lisilomezeka.

Sasa tazama mambo yalivyojipanga. Kliniki ile ni ya watu wenye vifua vya kudumu, vile visivyopona ila hutunzwa, na kila Alhamisi kabla ya kumwona daktari kuna darasa. Sista ni mmoja na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo waliweka utaratibu wao: mgonjwa mgeni anakabidhiwa kwa mgonjwa mkongwe, amfundishe kutumia pampu ya dawa ya kuvutwa, amfundishe kupumua akipanda ngazi, amfundishe dalili za kumkimbiza hospitali. Mkongwe akiridhika husema mbele ya Sista neno moja tu, "Amejua," na Sista huamini, hakagui tena. Mama Vuta ndiye aliyekuwa mkongwe wa wakongwe. Jina lenyewe alipewa humo humo darasani, kwa vile alivyowakalia watu kooni: vuta, mama, vuta, usimeze, vuta! Walimtania kwamba hata akifa atawaambia wachimba kaburi wavute kwanza.

Sista akatupa macho huku na huku, akamwita Mama Vuta, akamkabidhi Filimbi. Mwenyezi Mungu naye ana mambo yake.

Akamkalisha pembeni dirishani. Akamwambia avue kifuniko, atikise, atoe pumzi yote, aweke mdomoni, abonyeze. Yote hayo aliyasema sawasawa. Filimbi akatii kila kitu, akaiweka pampu kati ya midomo, akatunisha mashavu, akabonyeza, akapuliza.

Akapuliza, jamani! Alipuliza kama alivyopuliza maisha yake yote, kwa kifua chote kilichobaki, na dawa ikamtoka pembeni ya mdomo kama moshi. Mwili una ujinga wake. Ukiuzoesha kwamba kitu kidogo kikiingia kati ya meno kazi yake ni kupulizwa, hauulizi tena. Mama Vuta alishawahi kuona watu wakisahau kifuniko, na aliyejinyunyizia kifuani kama manukato, lakini wa kupuliza alikuwa huyu peke yake.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Ni lile lile lililompa jina. Akalimeza. Filimbi akamtazama, macho yamemtoka, akauliza kama amepatia.

"Hivyo hivyo, baba," akasema Mama Vuta. "Wewe ni mwepesi kweli."

Kisha akasimama, akamwambia Sista amejua.

Wacha nisikudanganye, aliona raha. Alirudi nyumbani siku ile akapanda ngazi zake bila kupumzika katikati, wakati kwa kawaida hupumzika. Alhamisi zikafuatana. Filimbi akija amechoka zaidi, Mama Vuta akimsogezea kiti, akimuuliza kama anatumia dawa. Anatumia, asubuhi na jioni, haachi hata siku moja! Daktari akamwongezea. Naye akapuliza ile ya kuongezwa. Ikafika mahali akawa hawezi kumaliza sentensi, anasema maneno mawili, anangoja, anasema lingine, na Mama Vuta anaketi karibu amekunja mikono mapajani, anasikiliza kifua kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Akilini mwake anamwambia mumewe: sikia, baba watoto, sikia huyo.

Lakini raha ya kisasi ina kasoro moja, nayo ni kwamba huwezi kuila peke yako ukashiba. Yule mtu alikuwa anakufa bila kujua kwa nini. Kila Alhamisi alimshukuru. Aliwaambia wengine kwamba mama huyu ana roho nzuri. Shukrani zile zikaanza kumkera Mama Vuta kuliko zamani filimbi ilivyomkera. Afe akinibariki? Akafie mbali! Alitaka amjue. Alitaka atajiwe jina la mfunga marobota usoni, ajibu.

Basi Alhamisi moja akamkuta barazani mwa kliniki peke yake, amejiinamia, viwiko magotini, midomo imeanza kugeuka rangi. Akaketi ubavuni mwake akamwambia amsikilize. Akamuuliza kama anamkumbuka mfunga marobota aliyevuliwa kitambaa. Filimbi akatikisa kichwa, ndiyo au hapana haikujulikana, akamtolea tabasamu la mtu anayeambiwa pole, akaendelea kupigania hewa. Hakuwa na nafasi ya kukumbuka. Mtu anayezama humuulizi habari za jana.

Mama Vuta akapandwa na hasira. Akampokonya pampu, akaitikisa, akamshika kidevu.

"Usipulize," akamwambia. "Vuta. Nikibonyeza, vuta polepole. Vuta, nasema!"

Akavuta. Kwa mara ya kwanza tangu apewe ile dawa, ikaingia. Akamshikisha pumzi, akamwachia, akamrudishia tena. Akamwambia abane midomo atoe hewa kama anayepoza chai. Wakakaa hivyo, bibi na adui yake, wanapoza chai isiyokuwepo, mpaka mabega ya Filimbi yakashuka na rangi ikamrudi. Akamgeukia akamtazama kwa mshangao, kisha akaitazama pampu. Hakuwa mjinga. Mama Vuta aliona jambo likimwingia taratibu, na hakungoja limalizike kuingia. Akamwambia yeye ni nani, mumewe alikuwa nani, na alikufaje.

Filimbi akakaa wima.

"Ulikuwa unaona napuliza," akasema.

"Tangu siku ya kwanza."

"Mimi sikujua kama vumbi lile linaua, mama. Hakuna aliyenifundisha. Wewe ulifundishwa."

Mama Vuta akamuuliza dirisha la kioo la ofisi yake kinuni alikuwa analifunga kwa nini, kama hakujua. Filimbi akaangalia pembeni. Lakini lile neno la kufundishwa lilishapenya, likamkaa mbavuni wiki nzima. Alikuwa akichota maji, liko. Akilala, liko. Akajiambia ni maneno ya mtu anayetafuta pa kutokea, na hayakutoka.

Alhamisi iliyofuata Filimbi aliingia akitembea. Hakushika ukuta. Darasa zima likashangaa, na Sista akashangaa zaidi, akakumbuka cheti cha daktari na dawa zilizoongezwa bila kusaidia. Akatambua kwamba dawa ilikuwa haiingii, akamwita Filimbi mbele. Akamwomba awaonyeshe wenzake anavyotumia pampu sasa, na awaeleze alikuwa anakosea wapi, ili wengine wajifunze. Kisha akamgeukia Mama Vuta, akauliza, kwa upole tu, ilikuwaje aliyesemwa amejua akawa hajui.

Mama Vuta akajua mwisho wake umefika. Alishajiandaa. Filimbi aseme, naye atasema ya kwake, nani ataumia zaidi Mungu anajua. Akanyoosha mgongo kitini.

Filimbi akakohoa kidogo, akalitazama darasa, akamtazama yeye.

"Huyu mama hana kosa," akasema. "Alinielekeza vizuri. Mimi ndiye nilikuwa sisikii."

Watu wakaguna kwa kumhurumia. Sista akatabasamu, akasema ndiyo maana darasa hurudiwa, na Mama Vuta apigiwe makofi kwa kutokukata tamaa. Wakapiga, wale wenye pumzi ya kupiga.

Loo! Heri angemzaba kofi. Makofi yale yalimwingia Mama Vuta kama maji ya moto. Mtu aliyemuua mumewe amemsamehe! Amesimama pale mbele ya watu, mwema, mnyenyekevu, amembebea dhambi yake, na sasa Mama Vuta atembee na deni hilo kila Alhamisi, ampe kiti, ampe heshima, ajue moyoni kwamba heshima yake mwenyewe inaishi kwa hisani ya Filimbi. Awiwe na Filimbi! Alimtazama akaona anamtazama pia, bila tabasamu, na hakuweza kusema kama ule ulikuwa wema au ndicho kisasi chake. Vyovyote vile hakukitaka.

Akasimama.

"Anasema uongo," akasema, na makofi yakakatika. "Alifanya kama nilivyomwambia. Nilimwona anapuliza, nikamwambia hivyo hivyo. Kila Alhamisi nilimwona, na nilijua. Huyu alikuwa nyapara wa kinu cha pamba. Alituvua vitambaa puani. Mume wangu alimvua kwa mkono wake, akampulizia filimbi sikioni mpaka akachuchumaa, na mume wangu amekufa kwa vumbi lile. Nilitaka afe hivyo hivyo. Msinipigie makofi kwa ajili yake."

Bibi mmoja wa benchi la nyuma, aliyewahi kuchambua mbegu kinuni, akaanza kulia polepole, kwa sauti ndogo, kwa sababu kilio kikubwa kinahitaji hewa. Sista alikuwa ameshika meza. Alipopata sauti alimwambia Mama Vuta kwamba hatafundisha tena mtu humu ndani, leo wala kesho. Mama Vuta akaitikia. Alilijua hilo kabla hajasimama, na jina lake lote la pale lilikuwa katika ile kazi, hakuwa na lingine.

Akachukua mkoba wake akaenda kukaa nyuma. Alipofika akageuka kumtazama Filimbi, na darasa zima likageuka naye. Sista akamuuliza mzee huyo kama hayo ya kinuni ni kweli.

Filimbi alikuwa amesimama peke yake, pampu mkononi. Dawa ilikuwa imemwingia asubuhi ile kama inavyotakiwa, kifua kimefunguka, alikuwa na pumzi ya kutosha kukataa. Hakukataa.