Mizani ya Naibor

Asubuhi hiyo ghala la dawa za mifugo la Karatu lilifunguliwa mapema, kwa sababu kamati ya majosho ilikuwa inachagua mashine ya kujazia mapipa ya dawa ya kupe. Nareyu alikuwa ametoka Nainokanoka jana kwa miguu, shuka limelowa umande. Nyuma yake alikuja Naibor, ng'ombe wake mweupe, aliyekufa masika yaliyopita kwa ndigana, homa iletwayo na kupe. Mlinzi aliwaruhusu kupita, ila ng'ombe asisogelee magunia ya chumvi.

Nareyu alikuwa mjumbe wa kamati na hakuja kupiga soga. Kijiji kilinunua mapipa yaliyojaa, kikaogesha mifugo, na kupe wakaendelea kunenepa. Zizini kwake walibaki majike wachache, na hao hakuwa tayari kuwazika.

Mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza iling'aa kama sufuria ya harusi. Kitu chochote kikigusa boya lake mdomoni mwa pipa, inajifunga yenyewe. Marseli, bwana ghala, aliisifia mpaka jasho likamtoka. Ya pili ilikuwa nzito, yenye sura mbaya: pipa linakaa juu ya mizani, na dawa haikomi mpaka uzito utimie.

Marseli akajaza pipa kwa ile ya kwanza. Likajaa pomoni, wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Naibor akasogea, akapuliza kwa pua zote mbili. Povu likaruka, dawa ikaonekana imeishia nusu ya pipa.

Clemensi, mwenyekiti, akauliza mapipa ya mwaka jana yalijazwaje. Marseli akajibu kwamba yalijazwa kwa bomba la mpira hadi povu lifike juu, na yalishapokelewa. Halafu akaongeza kwamba mizani nazo hudanganya.

"Basi mpime ng'ombe wangu, bwana Marseli," Nareyu alisema. "Wote tunajua amekufa."

Naibor akapanda. Mshale haukutikisika. Clemensi aliinama, akasoma, akatangaza kwamba mizani ni sahihi.

Kamati ikapitisha mashine ya mizani kwa kauli moja. Nareyu alirudi akiimba njia nzima, furaha imemjaa na hakuificha. Mapipa yakaanza kufika mazito hata punda wakagoma. Kupe walidondoka josho zima, na majike wake wote wakazaa salama.

Marseli alibaki bwana ghala, akakabidhiwa funguo za mashine mpya kwa makofi. Kila jioni Nareyu alikamua, Naibor akitangulia mbele ya wenzake. Kibuyu cha Naibor kilitoka kikavu, Nareyu akamshukuru, akamwita anayefuata.